Ukuta Aliomjengea Mama Yake

Mara ya kwanza Tobias Omollo kuniambia kwamba kazi yake ni kupandisha sakafu ukutani, nilimcheka. Alikuwa amekuja kutafuta nyumba kwa ploti yangu hapa Satellite, yeye na mkewe Peres na binti yao mdogo Ivyne, na mimi simpi mtu funguo kabla sijajua anafanya kazi gani. "Mama, mimi ni fundi wa lamineti," akasema. "Zile mbao nyembamba za kupanga chini, zinashikana zenyewe. Lakini siku hizi watu wanataka niziweke ukutani, nyuma ya tivi, nyumba ipendeze." Nikamwambia, "Sakafu ukutani? Basi kesho mtatuwekea dari chini." Na yeye akacheka. Nikampenda papo hapo, maana wapangaji wengi ukiwatania kidogo tu wananuna hadi mwisho wa mwezi.

Mimi naitwa Wangui, lakini hapa kila mtu ananiita Mama Mbuthia. Ploti aliniachia marehemu mume wangu, Macharia. Ni vyumba vya mawe pande mbili za korido, kila familia chumba kimoja, maji nyuma, na mimi nakaa kile cha mbele penye geti ili nione nani anaingia na nani anatoka na sufuria ya nani. Wanasema nina mdomo. Ninao. Ploti bila mdomo haiendi.

Tobias alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kutoka asubuhi na shati safi na nguo za kazi kwenye mfuko. Watoto wa ploti walimwita Sakafu, na akiitwa hivyo anaitika. Mlango wa mtu ukigoma kufunga, yeye ndiye anaitwa, na hasemi nipe ya soda. Kwao ni Ugenya, huko magharibi. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, na mama yake, Awuor, akawalea yeye na mdogo wake Oduor kwa kufinyanga vyungu na kuviuza sokoni. Hilo alinieleza mwenyewe, na alilieleza kwa kujivunia, si kwa kutafuta huruma.

Kazi yake niliiona kwa macho yangu kwa Janice, mtoto wa ndugu yangu, aliyekuwa amehamia nyumba yake mpya Kinoo. Mimi ndiye nilimpelekea fundi. Siku ya kwanza Tobias alifika na maboksi, akazilaza mbao chini sebuleni, akaenda zake. Janice akanipigia simu akilalamika ati nimemletea mtu mvivu. Kumbe hizo mbao lazima zilale kwanza ndani ya chumba chenyewe, zizoee hewa yake, la sivyo zikishapandishwa zinavimba na kubinuka. Aliporudi nilikuwapo. Alipigilia fito nyembamba ukutani, akatoa pima maji, akaanza kutoka chini, ubao baada ya ubao, gundi kidogo mgongoni, anagonga kwa nyundo ya mpira mpaka ubao uingie kwenye mwenzake. Pembeni aliacha nafasi ndogo, kisha akaifunika kwa ubao mwembamba wa ukingo. Alikuwa anaziongelesha kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto avae sweta. Jioni ukuta wa Janice ulikuwa wa rangi ya chai iliyokolea, na mistari ya mti imepita juu yake, na tivi katikati. Janice alizunguka zunguka sebuleni bila kusema kitu. Halafu akampa boksi lililobaki, akasema, "Nenda nalo, fundi, mimi sina pa kuliweka."

Tobias akapiga picha, akamtumia Everlyn, mke wa mdogo wake, ambaye ndiye alikuwa akikaa na mama yao huko ushago, kijijini kwao, amwonyeshe. Mama akapiga simu. Sauti yake niliisikia mwenyewe kwa sababu Tobias alikuwa ameketi mlangoni kwangu. Ilikuwa sauti nzito ya mtu asiye na haraka. Peres akanitafsiria. Mama alikuwa anauliza kama kweli ule ukuta ni kazi ya mikono yake, na Tobias akasema ndiyo, na mama akauliza tena, nafikiri alitaka tu kulisikia mara ya pili. Wiki hiyo yote huyo mwanaume alitembea hapa kama amepewa ng'ombe.

Halafu mama akaugua. Ilianza na koo. Ugali ukawa haupiti, akahamia viazi, viazi navyo vikawa havipiti, na vipimo vikasema ni saratani. Daktari akasema asicheleweshwe. Atibiwe kwa mionzi, kila siku ya kazi, wiki kadhaa mfululizo, na nafasi ikapatikana hapa Nairobi. Hospitali ikatoa tarehe. Kilichobaki kilikuwa mahali pa kulala.

Nikamwambia Tobias, si basi, mama anakuja kwa mtoto wake, kuna shida gani? Akaangalia viatu vyake. Peres akakumbuka ghafla ana nguo za kuanua. Ndipo nikajua nimegusa kitu.

Tobias alinieleza baadaye tukiwa wawili, na hata hivyo alikuwa anaangalia geti, si mimi. Kwao mzazi halali chumba kimoja na mwanawe aliyeoa. Haiwezekani. Si heshima tu, ni mwiko, na ukivunjwa unaleta balaa wanaloliita chira, na balaa hilo linamwangukia mtoto. Mtoto anakonda, anaugua, watu wanaanza kuuliza nani alifanya nini. "Mama hawezi kukubali kuniletea hivyo," akasema. "Na si jambo la kuongea naye. Kitanda, malazi, nani analala wapi, hayo mtu haongei na mama yake. Yeye anajua, na mimi najua."

"Basi alale kwangu," nikasema. "Nina kochi kubwa, nina blanketi, niko peke yangu."

"Asante sana, Mama Mbuthia. Lakini mama yangu atoke Ugenya mpaka Nairobi akiwa mgonjwa, alale kwa mtu mwingine, na mimi niko hai?"

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Nimekaa na huyu kijana kwa ploti moja, amekula githeri kwangu, leo mimi ni mtu mwingine. Lakini sisi Wakikuyu pia tuna zetu, na za kwetu sipendi mtu aniulize uliza. Nikamwambia aseme anachotaka. Akasema anataka ruhusa tu. Ajenge ukuta katikati ya chumba, ukuta wa kweli, kutoka sakafuni hadi juu, na lile dirisha la upande wa korido aligeuze mlango, ili upande wa mama uwe na mlango wake. Alikuwa amempigia baba yake mkubwa huko kwao, na mzee akamwambia ukishakuwa na ukuta na mlango wake, hiyo ni nyumba nyingine, mama anaweza kulala. Nikasema jenga. Kupanua dirisha ni kutoa mawe tu.

Akajenga. Kazi za watu aliziacha kando. Mwashi akafungua dirisha, fremu ya mlango ikaingia, Tobias akasimamisha nguzo za mbao na kupigilia plaiwudi pande zote mbili. Hiyo Ijumaa nikaingia kuangalia. Kulikuwa na chumba kidogo kizuri, kitanda kimoja, stuli, misumari ya kutundikia nguo, na nafasi ya godoro dogo la Ivyne. Ivyne ndiye angelala na nyanya yake, maana mjukuu hana mwiko. Mtoto huyo alikuwa ameshaanza kuitangazia korido nzima kwamba dani, yaani nyanya yake, anakuja, na kwamba yeye ndiye atamletea maji usiku. Nikajaribu mlango, unafunga. Nikasema, "Tobias, umemaliza. Mwite mama."

"Bado," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri. Bado nini? Akapitisha mkono juu ya ile plaiwudi, rangi ya uji, imejaa mafundo na mihuri ya kiwandani. "Mama atalala akiangalia hii? Nimewawekea watu wa Kinoo na Lavington kuta nzuri, wengine hata hawakumbuki jina langu, halafu yeye aje atazame hii?" Akainama, akavuta lile boksi la Janice kutoka chini ya kitanda. Alitaka kumwekea mama ukuta ule ule aliouona kwenye picha.

Hapo nilimwelewa kabisa, na moyo wangu ukalainika. Tarehe ya hospitali ilikuwa bado siku kadhaa mbele. Nikamwambia sawa, zilaze zizoee, zipandishe, mama aje.

Shida ni kwamba lile boksi lilitosha nusu ya ukuta tu. Mbao nyingine alizokuwa nazo zilikuwa mabaki ya kazi za huku na huku, za kijivu, za manjano, chache nyekundu. Peres akamwambia kwa adabu zote azichanganye, azipange mistari mistari, siku hizi kuna watu wanapenda hivyo. Akamjibu, "Unataka mama yangu alalie makombo?"  Kesho yake Peres akaja kwangu na omena, vile vidagaa vya kwao, kwenye bakuli, akaketi, hata hakunipa bakuli lenyewe. "Mama Mbuthia, mwambie wewe," akasema. "Mimi nikisema sana itaonekana nataka mama awekwe vibaya vibaya. Nikinyamaza, siku zinaenda. Mimi nimeolewa tu hapa, nitasema mara ngapi?"

Nikamwambia. Nilikuwa na shughuli ya benki mjini, tukafuatana hadi kwa Jamleck, jamaa anayeuza hizo mbao kwenye ghorofa moja karibu na River Road, mahali unapanda ngazi ukipishana na watu wamebeba mabeseni na mapazia. Jamleck akasema yale yale aliyokwisha kusema kwa simu. Ile rangi imeisha, mzigo uko bandarini Mombasa, haujatoka. Akatuletea nyingine. "Hii ni ndugu yake. Ukishaweka hakuna mtu atajua." Tobias akauchukua ule ubao, akaupeleka dirishani kwenye mwanga, akauweka kando ya kipande cha ule wa Janice alichokuwa amekibeba ndani ya gazeti. Mimi, haki ya nani, niliona kitu kimoja. Yeye akatikisa kichwa. "Huu uko na wekundu."

"Mama yako anaumwa koo," nikamwambia pale pale dukani, watu wakisikia. "Haumwi macho."

Jamleck akageuka akaanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Tobias hakukasirika, na mimi ningependa angekasirika. Alinitazama tu. "Mama Mbuthia," akasema, "ule ukuta wa Janice ndio kitu changu kimoja ambacho amewahi kukiona. Mengine yote ni pesa tu za kutuma kwa simu."

 Tulirudi Satellite kila mtu akiangalia upande wake.

Tarehe ya hospitali ikakaribia, na mzigo haujatoka. Tobias akaenda hospitali akaomba isogezwe mbele kidogo. Muuguzi akamwuliza kama ana hakika, maana kwenye foleni kuna watu wengi, na akitoka hapo hawezi kuahidiwa ni lini atarudi. Akasema ana hakika, mahali pa mgonjwa hapajawa tayari. Peres alinisimulia hayo akiosha vyombo pale nyuma na machozi yakimwagika ndani ya karai. Nikaenda kumgombeza mumewe. Nilimkuta ndani ya kile chumba cha mama, amekaa kwenye stuli, anaangalia nusu ya ukuta aliyokwisha kuiweka. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Nusu ya juu ilikuwa plaiwudi. Nikamgombeza mpaka koo langu likakauka, na yeye akasikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mzigo unatoka wiki hii."

Alikuwa anaamini. Hicho ndicho kiliniuma. Si mtu wa ulevi, si mtu wa kutupa wazazi, si wale wanaume ninaowajua mimi ambao mama akiugua wanabadilisha laini ya simu. Angekuwa mmoja wa hao ningemfukuza kwa ploti na roho yangu ingetulia. Huyu alikuwa anamchelewesha mama yake kwa sababu ya kumpenda, na nilikuwa nimesimama pale sijui nimshike wapi.

Mama naye anapiga simu. Anauliza Ivyne anasomaje, mvua imefika Nairobi, kazi ikoje. Haulizi atakuja lini. Tobias anamwambia, "Ukuta bado kidogo, Mama." Mama anasema sawa, mwanangu, fanya pole pole. Ile sauti nzito ilikuwa imeisha. Sasa ilikuwa nyembamba, inakwaruza, na katikati ya maneno alipumzika. Everlyn akipokea simu anasema mama anakunywa uji mwepesi tu, tena kwa kijiko. Ivyne alikuwa anafundishwa na Peres maneno ya kumwamkia nyanya yake kwa Kijaluo, anayasema kwa sauti akiruka kamba kwenye korido, na mimi nikiyasikia nilikuwa naingia ndani nafunga mlango.

Mzigo ukatoka. Tobias aliingia getini na maboksi mabegani, anaimba, mtu ambaye sijawahi kumsikia akiimba hata kanisani. Akazilaza mbao kwenye kile chumba. Nikamwambia zipandishe leo leo, hewa ya Satellite ni hii hii tu. Akasema hapana, zikija kubinuka mama yuko kitandani, atakuwa anaziona zikibinuka. Basi zikalala. Kisha akazipandisha, siku nzima, bila kula, na ni kweli sikuweza kuona mbao za Janice ziliishia wapi na hizi mpya zilianzia wapi. Akaweka ukingo, akafuta gundi kwa kitambaa chenye maji. Peres akatandika kitanda. Wapangaji wakaja mmoja mmoja kuangalia, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Tobias akapiga picha, akamtumia Everlyn. Tiketi ya basi ya mama ilikuwa ya Jumatatu.

Jumapili nikitoka kanisani nilimkuta Peres ameketi chini kwenye korido, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa kimeanguka kando. Sikuuliza. Tobias alikuwa ndani ya kile chumba, amesimama katikati, simu mkononi, uso ameuelekeza ukutani.  Mama yake alikuwa amefariki asubuhi hiyo huko nyumbani, Everlyn akimwinua akae anywe uji.

Mimi nimezika mume, najua kilio. Lakini Tobias hakulia. Watu walikuja, wakaomba, wakaimba, wakampa pole, na yeye akasema asante, asante, kama anashukuru kwa chai. Siku iliyofuata nikasikia mbao zinang'olewa. Nikakimbia nikidhani amechanganyikiwa. Nikamkuta anazitoa moja moja kwa patasi, taratibu, asivunje ukingo, anakwangua gundi mgongoni, anazifunga kwa kamba. Akaniambia bila kugeuka, "Kwetu mtu halali kaburini kabla hajalala kwake. Atalala kwake, kwa nyumba yake, halafu tumzike. Nitamwekea huko."

Sikumwambia ni wazimu wala sikumwambia ni vizuri. Nilimshikia kamba afunge.

Tulienda Ugenya sisi wa ploti kadhaa, tukachangiana. Nyumba ya mama ilikuwa ya udongo uliopakwa saruji, mabati juu, na vyungu vyake kadhaa vimepangwa nje ambavyo hakuna atakayevipeleka sokoni. Vijana walikuwa wanasimamisha hema, wanawake wanakata mboga, na mwili ulikuwa unangojwa kutoka mochari alasiri hiyo. Tobias akaingia sebuleni mwa mama yake, akaanza kupandisha mbao kwenye ukuta ambao jeneza lingewekwa mbele yake. Mimi mgeni sikuruhusiwa kushika kisu wala mwiko wa jikoni, nikakaa humo kwenye kiti nikimpa vipande. Watu walichungulia, wakasema ni nzuri, wazee wakaingia wakagusa. Lakini ule ukuta wa udongo haukunyooka, ulikuwa na matumbo huku na mashimo kule, na yeye alihangaika na fito, anapima, anatoa, anarudisha, jasho linamchuruzika hadi kwenye shati la mazishi. Ilikuwa imebaki mistari michache ya juu.

Everlyn akaingia na chai. Ni mwanamke mwembamba, macho yalikuwa yamevimba. Aliweka trei chini lakini hakutoka. Alisimama akimwangalia shemeji yake anavyohangaika, na nafikiri ni hicho kilimshinda. Alianza kusema kwa Kiswahili. Mara ya kwanza nikadhani ni kwa ajili yangu. Baadaye Peres alinieleza kwamba kwa lugha yao Everlyn hangeweza kumwambia shemeji yake mambo hayo, midomo isingefunguka.

"Shemeji, mama aliiona ile picha," akasema.

Tobias akashusha nyundo. "Alisema nini?"

"Alifurahi. Alisema hiyo ni mikono yako." Ningetaka angeishia hapo. "Lakini shemeji, mama alifunga begi siku ile hospitali ilitoa tarehe. Begi lilikaa hapo mlangoni, akitaka nguo anaitoa humo, anairudisha humo. Tulipomwambia asubiri, ati unajenga ukuta, aliuliza ukuta wa nini. Alisema mtundike shuka katikati, inatosha, yeye ni mgonjwa, Mungu anaona. Alienda hata kwa pasta akamwuliza, na pasta akamwambia aende tu. Alikuwa tayari kuja siku hiyo hiyo."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, mtoto wangu ananijengea, nitamwambiaje sitaki. Na yeye mwenyewe angekwambiaje, shemeji, mambo ya kulala? Mimi ningekwambiaje?"

Nje gari lilikuwa limeingia na kilio kimepanda, na Oduor alikuwa mlangoni anamwita kaka yake, mtoto wa kwanza, atoke apokee mwili. Tobias alikuwa bado ameshika ubao mmoja. Aliulaza chini polepole, uso ukiangalia juu, usichubuke. Sehemu ile ya juu ya ukuta ilibaki udongo, na hakuna mtu aliyeimaliza.

Alipoinuka hakumtazama Everlyn wala mdogo wake. Alinitazama mimi, mwenye ploti, ambaye sina mwiko wowote naye, na machozi ambayo hatukuwa tumeyaona tangu Jumapili yalikuwa yanamtoka hadi kidevuni.

"Mama Mbuthia," akasema, "shuka mbona ninazo."